Mfuko unaong'aa au ethi rodi? Ulinganisho kwa anayeogopa "bomu la umeme" akiwa Arusha

Shemeji yangu ana duka la steshenari Sakina, hapa Arusha: kompyuta nne, mashine mbili za fotokopi, printa, ruta, na friji ya soda ambayo ukimbana atakiri ndiyo inayolipa kodi ya fremu. Wiki chache zilizopita alikuja karakana kwangu na simu mkononi, kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Ilikuwa video ya WhatsApp. Sauti nzito inasema kuna bomu moja tu ambalo likilipuliwa juu angani linakaanga kila chenye chipu bara zima kwa sekunde moja: simu, magari, benki, hospitali. Mwisho wa video kuna namba ya mtu anayeuza mifuko inayong'aa ya kuhifadhia laptopu na simu "kabla siku hiyo haijafika".

"Shem, mwezi huu nina hela ya kitu kimoja," akasema. "Nichukue hii mifuko, au ile ethi unayonipigia kelele tangu mwaka jana?"

Nilimjibu palepale: ethi, ile fimbo ya chuma inayozamishwa ardhini ili umeme uliozidi ukamwagikie huko. Akanitazama kama mtu anayeuziwa kazi na fundi, na ana haki. Basi tukakaa. Haya ndiyo tuliyozungumza, nimeyapanga upya kwa yeyote mwenye swali kama lake, na nimeongeza ambayo sikuyakumbuka siku ile.

Jina moja, vitu visivyo hata ndugu

"Bomu la umeme" ni jina lililobebeshwa mizigo mingi. Kuna mpigo wa sumakuumeme unaotokana na bomu la nyuklia likilipuliwa juu sana. Kuna mitambo ya maikrowevu yenye nguvu, inayoelekezwa kwenye shabaha kama kurunzi. Kuna vifaa vya kuvuruga mawimbi, ile jaming. Kuna mabomu ya nyuzi za kaboni, ambayo hayatoi wimbi lolote. Na kuna jua lenyewe, ambalo halina ugomvi na mtu. Kila kimoja kina umbali wake, njia yake ya kuingia na kinga yake, na muuza mifuko anafaidika usipovitenganisha.

Bomu la angani ukiliweka kando ya radi

La kwenye video lipo kweli, na lina rekodi. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la megatani 1.4, jaribio lililoitwa Starfish Prime, kilomita 400 juu ya kisiwa cha Johnston katika Bahari ya Pasifiki. Hawaii iko zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapo, karibu sawa na kutoka Arusha hadi Addis Ababa. Hata hivyo, kule Hawaii taa za barabarani kama 300 zilizimika, ving'ora vya wezi vikalia, na kiungo kimoja cha simu kikapata hitilafu.

Ukisoma mara ya kwanza unashtuka. Soma mara ya pili. Megatani 1.4, na zilizozimika ni taa kama 300. Taa nyingine, nyingi mno kuliko hizo, ziliendelea kuwaka, na umeme wa visiwa haukukatika. Zilizozimika zilikuwa zimeungwa mfululizo kwenye waya mrefu, na kilichokufa zaidi ni fyuzi.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 22 Oktoba 1962, Urusi ya Kisovieti ililipua bomu la kilotani 300 kilomita 290 juu ya Kazakhstan. Kule kulikuwa na laini ya simu ya nguzo yenye urefu wa kilomita 570, na fyuzi zake zilikatika laini nzima. Kebo ya umeme iliyofukiwa ardhini nayo iliguswa. Umeona kinachojirudia? Ni waya mrefu. Mwaka uliofuata, 1963, mkataba wa kuacha majaribio ya nyuklia angani ulisainiwa, kwa hiyo mengi yanayosemwa leo yanatokana na hesabu na maabara.

Mpigo huo una sehemu tatu, na hapa ndipo ulinganisho unapokuwa na maana. Ya kwanza ni ya ghafla kupita kiasi: inapanda kwa nanosekunde chache na kuisha kabla ya mikrosekunde moja. Ya pili inafanana na radi ya kawaida, ila ni hafifu kuliko radi iliyopiga jirani. Ya tatu ni ya polepole, sekunde hadi dakika, na hiyo haina habari na simu yako kabisa. Inatafuta nyaya za mamia ya kilomita, kama ile laini ya kilovolti 400 inayotoka Singida kupitia Arusha kwenda Namanga.

Ile ya kwanza ndiyo inayotangazwa kwenye video. Makadirio ya juu huiweka kwenye volti 50,000 kwa kila mita. Namba hiyo inatisha mpaka uhesabu nishati: katika muda mfupi namna ile, kinachopita kwenye kila mita ya mraba hakifiki hata jouli moja. Jouli moja ni kazi ya kuinua chungwa dogo kutoka sakafuni hadi mezani. Ubaya wake ni ughafla, na ughafla huo unahitaji kitu cha kuukusanya na kuuingiza ndani ya kifaa. Kwenye duka la shemeji, wa kukusanya ni waya wa umeme unaotoka nguzoni, kebo ya mtandao inayopanda darini, na waya wa dishi. Simu iliyolala mfukoni haina waya wa namna hiyo. Upana wake wote ni kiganja.

Kuna watakaosema kwamba mwaka 1962 vifaa vilikuwa vya valvu, zile chupa za kioo za redio za zamani, na leo ni chipu laini. Ni hoja nzito, siidharau. Lakini vifaa vya leo vimezoea purukushani za aina hiyo kwa kiwango fulani. Simu yako imepimwa kiwandani kwa cheche za umeme tuli za maelfu ya volti, zile zinazokurusha ukivua sweta wakati wa baridi ya Julai. Na tume ya Marekani iliyochunguza mpigo huu iliingiza magari 37 ya miaka ya 1986 hadi 2002 kwenye maabara. Matatu yalizimika injini yakiwa yanaunguruma. Yaliyokuwa yamezimwa hayakuonyesha tatizo. Kwenye video magari yote yanakufa barabarani.

Huku kwetu kuna nafuu nyingine ambayo watengeneza video hawaitaji. Mpigo wa kwanza huzaliwa elektroni zinapopindwa na uga sumaku wa dunia, na uga huo ni hafifu zaidi karibu na ikweta kuliko kule kaskazini. Arusha iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Haimaanishi hatuguswi. Inamaanisha namba za kwenye video hazikupimwa kwa ajili yetu.

Tena bomu hilo linahitaji roketi na kichwa cha nyuklia, vitu ambavyo nchi tisa tu duniani zinavyo. Siku mtu akiamua kulipua bomu la nyuklia juu ya Afrika Mashariki, fotokopi ya Sakina haitakuwa ya kwanza kuliliwa.

Mtambo wa maikrowevu: kurunzi, si jua

Hii ni silaha iliyopo na inayoendelea kuboreshwa. Oktoba 2012, jangwani Utah, kombora la Boeing na jeshi la anga la Marekani liliruka karibu na majengo na kuzima kompyuta zilizokuwa ndani. Uingereza ina mtambo unaobebwa na lori kwa ajili ya kuangusha makundi ya droni, na umbali uliotangazwa ni hadi kilomita 1.

Kilomita moja. Yaani kutoka dukani kwa shemeji usingefika mbali barabara ya Namanga. Sababu ni ileile ya kurunzi: ukiongeza umbali mara kumi, nguvu inayofika kwenye kila sentimita inapungua mara mia. Ya mita 10 na ya mita 100 si silaha moja tena. Kwa hiyo mtambo huu lazima uletwe karibu, uwe na jenereta au betri nzito, na ulengwe. Njiani unakutana na kuta za mawe, zege lenye nondo, bati la paa. Vyote vinakula sehemu yake, ingawa dirisha lililo wazi linairudisha.

Halafu kuna kikwazo ambacho mimi kama fundi ninakielewa kuliko vyote: mpigaji hajui kama amefaulu. Ukipiga jengo kwa kombora la kawaida unaona moshi. Ukilipiga kwa maikrowevu unaona jengo lilelile. Vifaa vya ndani vinaweza kuwa vimeungua, au vimestaki tu.

Tofauti hiyo tuielewe vizuri. Kila wiki naletewa ruta "iliyokufa". Nachomoa chaja, nahesabu hadi kumi huku nikipiga stori, nachomeka, taa zinarudi moja moja, mwenye nayo ananiangalia akijiuliza kama kuna cha kulipa. Hiyo ilistaki. Nyingine nafungua, naona kapasita nyeusi imepasuka na harufu inakata pua; hiyo imeungua. Kustaki kunahitaji nguvu ndogo sana kuliko kuunguza, kwa hiyo sehemu kubwa ya uwezo wa silaha hizi, hasa kwa mbali, iko kwenye kustakisha. Kwa droni iliyo hewani inatosha, maana ikistaki inaanguka. Kwa kompyuta ya dukani, unazima na kuwasha.

Mengine kwa haraka

Jaming inaharibu mawasiliano wakati inapowashwa, basi, haichomi kitu. Mwaka 2024 shirika la ndege la Finnair lilisitisha safari za Tartu, Estonia, kwa mwezi mmoja kwa sababu ya kuvurugwa kwa GPS, na ndege zenyewe zilikuwa nzima.

Nyuzi za kaboni zilitumika Irak 1991 na Serbia 1999. Zinadondoshwa juu ya vituo vya umeme, zinalala kwenye nyaya, zinapiga shoti. Mei 1999 sehemu kubwa ya Serbia ilikaa gizani, lakini umeme ulianza kurudi baada ya saa kadhaa, mafundi wakisafisha. Hakuna mfuko unaohusika hapo.

Tena ukitaka kujua jinsi silaha za mawimbi zilivyo njia ndefu, tazama zinazoshindana nazo. Aprili 2013 huko Metcalf, California, watu wenye bunduki za kawaida waliharibu transfoma 17 za kituo kimoja usiku mmoja. Huku kwetu transfoma inakufa kwa mwizi wa mafuta, na intaneti inakufa kwa katapila la barabara. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kaskazini mwa Durban, na Tanzania nzima ikakaa siku kadhaa ikisubiri ukurasa ufunguke. Siku mbili kabla, tarehe 10 Mei, kulikuwa na dhoruba ya jua kubwa kuliko zote tangu 2003. Shemeji huyuhuyu aliniapia kwamba ni jua. Lilikuwa ni waya kukatika chini ya maji.

Jua nalo tusilisingizie wala tusilipuuze. Septemba 1859 dhoruba yake iliwarusha cheche watu wa telegrafu. Tarehe 13 Machi 1989 gridi ya Quebec, Kanada, ilianguka ndani ya sekunde 90 hivi na watu milioni 6 wakakaa saa 9 bila umeme. Ila Quebec iko karibu na ncha ya sumaku ya kaskazini, juu ya miamba, na ina laini ndefu mno. Huo ni mtihani wa wenye gridi, wa vituo vya umeme kama Njiro na Kiyungi. Ndani ya duka hakuna cha kufanya ila kuwa na tochi.

Kinachounguza vifaa Arusha na Moshi

Sasa tufike kwenye benchi langu. Vifaa vinavyofika hapa vimeuawa na vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kilichotoka jeshini.

Radi ndiyo ya kwanza, hasa masika, Machi hadi Mei, na tena kwenye vuli. Mkondo wa radi moja ya kawaida ni kama ampea 30,000. Si lazima ipige nyumba. Ikipiga nguzo au mti karibu na laini, inasafiri na waya hadi kwenye soketi. Naijua kwa kufungua: ndani ya paweasaplai, karibu na pale umeme unapoingia, kuna kidonge cha bluu bapa kama kifungo cha koti. Kazi yake ni kujitoa mhanga. Radi ikija, nakuta kifungo kimepasuka katikati, masizi yamesambaa kwenye kifuniko kama mtu amepuliza moshi wa kibatari, na mara nyingine ubao wa nyuma yake umesalimika kabisa. Nabadilisha kifungo na fyuzi, TV inawaka.

Ya pili ni umeme unaporudi. Ukikatika mtaa mzima, friji zote, pampu zote na mashine za kusaga hubaki zimewashwa. Ukirudi, zinavuta pamoja, volti inashuka, inaruka, inashuka tena. Friji haifi siku hiyo. Inakufa taratibu, kompresa inaguna kila siku mpaka siku moja haiguni tena.

Ya tatu haijulikani sana, nayo ndiyo katili: nyutro kukatika. Nyumba kadhaa zinagawana fezi tatu, nyaya zinazoleta umeme, na nyutro moja, waya wa kuurudisha. Nyutro ikilegea nguzoni, volti 230 yako inaweza kupanda kuelekea 400, si kwa nanosekunde, bali kwa dakika nzima au zaidi. Mzee mmoja wa Kibosho alinisimulia vizuri kuliko kitabu. Upepo ulidondosha tawi la parachichi kwenye laini, jioni. "Taa ziling'aa, mwanangu, tukadhani umeme leo umekuja mzuri." Kisha balbu zikapasuka moja baada ya nyingine, TV ikatoa moshi, king'amuzi, redio, chaja mbili. Alikuwa na soketi ya kurefushia iliyoandikwa kwamba inazuia radi. Nayo iliungua, tena yenyewe ndiyo ilitoa moto wa kwanza.

Kumbuka soketi hiyo, tunairudia sasa hivi.

Kinga kando kwa kando

*Mfuko unaong'aa.* Chuma kinachozunguka kitu pande zote huzuia mawimbi. Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1836, na ni kweli hadi leo. Tatizo ni "pande zote". Nilichukua mfuko wa fedhafedha unaokuja na madabodi mapya, nikaweka simu ndani, nikaukunja, nikaipigia. Ikaita. Nikaiweka kwenye maikrowevu ya mama watoto, imezimwa bila shaka, nikafunga mlango. Ikaita. Nikaizungushia foili ya jikoni tabaka tatu na kubana kila ukingo: kimya. Nikatoboa pembe, nikapitisha waya wa chaja. Ikaita tena. Jaribio hilo si kipimo cha mpigo wa nyuklia, ila linaonyesha mambo mawili. Mfuko usiobanwa ni pambo. Na waya ukiingia mfukoni, mpigo umeingia nao. Vifaa vinavyomlisha shemeji viko kwenye waya mchana kutwa. Mfuko utalinda laptopu ya akiba iliyolala kabatini, kama anayo. Hana.

*Friji gadi.* Hii inatazama volti. Ikipanda kupita kiasi au kushuka sana, inakata, na umeme ukirudi inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu. Kwa umeme unaorudi na kwa nyutro kukatika ndiyo kinga yenyewe. Kwa radi ni polepole mno. Relei yake inafunguka wakati radi imeshapita na kuaga.

*Saji protekta.* Ni kinyume chake. Ile ya kufungwa kwenye bodi, karibu na meinswichi, inafanya kazi kwa nanosekunde: ikiona volti imeruka inaimwaga kwenye ethi. Kwa radi iliyotokea jirani ni nzuri sana. Dhidi ya ule mpigo wa angani inasaidia kiasi, kwa sababu inakaa kwenye njia ileile ya waya, ingawa mpigo huo ni wa ghafla kuliko radi iliyotengenezewa. Lakini nyutro ikikatika, volti kubwa ya dakika nzima inaichemsha mpaka inaungua. Ndilo lililoipata soketi ya mzee wa Kibosho. Aliweka kinga ya radi mahali palipohitaji friji gadi. Ukiweza, weka zote mbili. Ukishindwa, soma mbele.

Jambo moja mafundi wengi wanalikosea, na linakera: waya wa saji protekta kwenda ethi lazima uwe mfupi na ulionyooka. Mkondo wa radi unapopanda ghafla, kila mita ya waya inaweza kuongeza kama volti elfu moja juu ya kile ulichokusudia kuzuia. Nimekuta kifaa kizuri cha bei kimefungwa na waya wa mita tatu umezungushwa kama chapati, "ili upendeze".

*Ethi.* Bila hii, saji protekta inamwaga wapi? Ardhi ya Sakina na Ngaramtoni ni majivu ya volkano na mawe. Kiangazi inakauka na ukinzani unapanda, yaani inakuwa ngumu kupitisha umeme. Ethi rodi moja iliyopigwa nusu kwa sababu imekutana na jiwe, halafu ikakatwa juu ionekane imezama, ni kitu ninachokifukua mara nyingi mno. Wazee wa kazi huweka chumvi na mkaa. Inafanya kazi, ila chumvi inaoshwa na mvua na inakula chuma, kwa hiyo usiifanye ukasahau.

*UPS na stabilaiza.* UPS, lile boksi la betri ya akiba, ikiwa ya bei ndogo inakupa dakika za kusevu kazi ya mteja. Umeme wa kawaida unapita ndani yake moja kwa moja mpaka unapokatika, kwa hiyo si ukuta. Stabilaiza ni ya wenye volti dhaifu ya kudumu, mwisho wa laini huko. Zote mbili si kinga ya radi.

*Kuchomoa.* Bure, na inashinda zote hapo juu kwa wakati mmoja. Ila chomoa kila kitu: plagi, waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, kebo ya mtandao nyuma ya ruta. Watu wanachomoa plagi na kuacha dishi juu ya bati likiwa bado limeshikamana na TV kwa waya wake. Na uchomoe kabla ngurumo hazijakaribia; wakati radi iko juu ya paa si wakati wa kushika waya.

Nani achukue nini

Nyumba ya kawaida yenye TV na friji: friji gadi kwanza, mazoea ya kuchomoa dishi pili. Basi, usinunue kingine mwaka huu.

Duka kama la shemeji, lenye mashine zinazowashwa mchana kutwa: ethi ipimwe na irekebishwe, saji protekta kwenye bodi, kisha friji gadi ya mashine moja moja kadiri hela inavyokuja. Na nakala ya kazi za wateja kwenye diski inayokaa nyumbani, imechomolewa. Hiyo diski, ukitaka, iweke kwenye kopo la biskuti la bati lenye mfuniko unaobana. Gharama yake ni kula biskuti.

Zahanati yenye friji ya chanjo: yote ya dukani, pamoja na kipimajoto kinachoandika na mpango wa mahali pa kuhamishia chanjo umeme ukikaa siku nzima. Hapa friji gadi ina mtego: ikikata usiku na volti isikae sawa, friji inabaki imezimwa. Lazima awepo wa kuitazama.

Loji ya sola upande wa Usa River au Machame: paneli juu ya paa na waya mrefu hadi kwenye inveta ni mwaliko wa radi. Saji protekta ya upande wa DC, umeme wa paneli, siyo ile ya AC, umeme wa soketi; hazibadilishani. Fremu za paneli ziungwe kwenye ethi ileile ya nyumba, usianzishe ethi ya pili peke yake kule bustanini, maana radi ikipiga ardhi zitatofautiana volti na tofauti hiyo itapita kwenye inveta yako.

Na nani anunue kinga ya mpigo hasa? Wenye vituo vya umeme, minara, na vyumba vya seva vinavyobeba maelfu ya watu. Transfoma kubwa ikiungua, mpya inaweza kusubiriwa mwaka au zaidi. Hao wana chumba cha chuma, vichujio kwenye kila waya unaoingia, na wahandisi wa kuvipima. Hawanunui kupitia namba ya chini ya video.

Jumamosi ya kazi

Shemeji alinunua ethi rodi mbili, waya wa shaba na saji protekta ya bodi. Rodi ya kwanza ilikutana na jiwe kabla haijafika nusu. Tulihama mara mbili, mwisho tukaangukia nyuma ya choo, pale maji ya kuoshea mikono yanapomwagikia, udongo mweusi na laini. Zikazama zote mbili, tukaziunga, nikaweka kipimo. Kwenye ethi, omu zikiwa chache ndiyo nzuri. Ya zamani ilikuwa ikisoma omu 61. Hii ilisoma 8.

Wakati nakusanya vifaa nikamwona anafungua kopo la biskuti, la bati, jipya. Akaweka simu yake ndani, akabana mfuniko kwa viganja viwili, akanipa ishara ya kichwa nipige.

Ikaita.